Mfadhili yupo, shirika halipo

Shikamoo mama,

Nina miaka 31, ni mama wa watoto wawili, naishi wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Nina duka la pembejeo, na humo humo nafanya uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Shule niliishia kidato cha nne.

Mwaka juzi mimi na wenzangu wanne wa kwenye kikoba tulianza kukutana kila Jumamosi na wasichana wa sekondari ya kata yetu. Hatukuwa na mpango wowote mkubwa. Binti wa mmoja wetu aliacha shule akiwa kidato cha pili, ikatuuma sote. Tukawa tunachangishana elfu tano tano, tunanunua madaftari, pedi, mara nyingine sare. Tunaalika mtu aje aongee nao: nesi, mwalimu, siku moja alikuja diwani wa viti maalumu. Tumeiita klabu ya uongozi. Wamefikia wasichana kama arobaini.

Kaka yangu yuko Ujerumani. Aliona picha niliyoweka WhatsApp, akawaonyesha watu wa kanisa la mkewe, wakafurahi mno. Wako tayari kutoa euro 3,000 kwa mwaka wa kwanza. Masharti yao ni shirika lililosajiliwa, akaunti ya benki, na wasichana 20 wa kuchaguliwa, kila mmoja na picha yake, jina lake, kijiji chake na maelezo ya shida za kwao, ili kila familia ya huko ichukue wa kwake. Kaka anasema tusajili ngazi ya taifa moja kwa moja, tuonekane hatutanii.

Baba yetu mdogo aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji na ana sauti kwenye sungusungu, ulinzi wetu wa jadi wa kijiji. Yeye anasema shirika la wanawake watupu halitasikilizwa na wazee, kwa hiyo uenyekiti apewe yeye. Wenzangu wawili wamekubali. Mkuu wa shule naye ametusimamisha tangu Februari, anataka barua. Baadhi ya akina mama wanalalamika kwamba tunawafundisha mabinti zao kiburi. Mume wangu hasemi mengi, ila juzi alinifungulia daftari la duka akaniwekea kidole kwenye mifuko mitatu ya mbolea iliyogeuka sare za shule.

Kuna kingine, sijui kama kinahusu. Wiki iliyopita alikuja dukani binti wa darasa la saba kutoa hela aliyotumiwa mama yake. Namjua, kichwa chake chepesi, darasani haachi nafasi za juu. Nikamwambia kazana, mwakani uje klabu kwetu. Akainama, akasema, "Mama kaniambia nisilibe hovyo." Nikamuuliza kwa nini. Akasema ng'ombe wameshaongelewa. Akahesabu hela yake, akaondoka. Mtihani ni Septemba.

Naomba ushauri. Nisajili au nisisajili? Baba mdogo nimpe uenyekiti? Na hao Wajerumani niwajibu nini?

Wakala, Kishapu

*

Marahaba mwanangu.

Hicho ulichokiita "kingine" ndicho barua yenyewe. Naanza nacho, Wajerumani wasubiri.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii Kanda ya Ziwa mpaka nimestaafu, na habari ya mtoto kuambiwa afeli si ngeni kwangu. Watu wa mjini wakiisikia husema ni ujinga wa wazazi. Wazazi hao si wajinga hata kidogo, wanaijua sheria kuliko wengi wetu. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hiyo ni kinga kubwa, lakini inamlinda binti akiwa mwanafunzi. Akisiliba majibu hovyo Septemba, yaani akijifelisha makusudi, jina lake halitoki kwenye orodha ya waliochaguliwa, na Januari si mwanafunzi tena. Akishatimiza miaka 15, anakutana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayoruhusu aozwe baba akiridhia. Kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, iliyapinga hayo: Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo mwaka 2019, ikabaki sheria yenyewe kubadilishwa. Wenye ng'ombe hawasubiri Bunge. Wanasubiri matokeo ya darasa la saba.

Sasa itazame klabu yako. Ipo sekondari. Wasichana wako arobaini ni wale ambao nyumbani kwao walikubali wavuke. Wanaozuiwa wasivuke hawajawahi kukaa kwenye mkeka wenu hata Jumamosi moja. Wewe mwenyewe ulimwambia yule binti "mwakani uje", na kwao ilishaamuliwa kwamba mwakani yake haipo.

Kwa hiyo kabla ya cheti, kabla ya akaunti, rudisheni kazi yenu nyuma madarasa mawili. Kaeni na darasa la sita na la saba kwenye shule za msingi zinazopeleka watoto kwenye sekondari yenu, na muwe na daftari moja lenye jina la kila msichana wa darasa la saba wa kata: amesajiliwa mtihani, amefanya, amechaguliwa, ameripoti. Daftari hilo likae kwenye sanduku lenye kufuli, si dukani. Ukiniuliza shirika lako linafanya nini, nataka jibu liwe kwamba msichana wa kata hii hapotei kati ya Septemba na Januari. Kazi hiyo watu watano wanaiweza. "Kuwawezesha wasichana wa Tanzania" haiwezekani kwa watu watano, hata wakiwa na cheti cha ngazi ya taifa.

(Jambo la kukumbuka: Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaelekea kuondoka, na mtihani wake nao. Kwenye katiba yenu msiandike "darasa la saba", andikeni "mwisho wa elimu ya msingi". Wanaotaka kuoza watoto watatafuta mlango mwingine, nanyi mtauhamia.)

Kuhusu binti huyu, usiende kwao na polisi, wala usiende peke yako. Na kwa vyovyote mama yake asijue kwamba mtoto ndiye aliyekwambia, maana fimbo utakuwa umeinunua wewe. Anza na mwalimu wa kike wa darasa la saba, umnong'oneze. Kisha umwone afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni hii hii, au upige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kwa mama aende mwenzenu wa kikoba anayeheshimika naye, na asifungue mazungumzo na miaka 30. Miaka 30 ikitajwa mlangoni, nyumba inafunga mdomo: watu wanamalizana usiku, binti anafundishwa kukana, na shahidi anahamia kwa shangazi yake Meatu. Aulize kwanza sekondari itawagharimu nini. Mara nyingi jibu linaanzia hapo. Kama ng'ombe wameshavuka zizi, hilo si lenu tena, ni la ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mkabidhi, msiligeuze kesi yenu.

Nimesema gharama, ngoja niseme vizuri, kwa sababu fedha yenu iende huko. Ada ilifutwa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na wengi wakadhani safari imeisha. Januari mzazi anadaiwa sare, viatu, madaftari na michango ya shule. Na kama kwao ni kilomita kumi na kitu kutoka shule ya kata, binti anapangishiwa geto.

Unayajua mageto hayo kuliko mimi, lakini kaka yako ameshayasahau. Chumba cha tope, mlango wa bati, kufuli ya bei ya chini. Ndani ndoo, godoro la wawili, jiko la mkaa na unga aliobebeshwa Jumapili, ambao ukifika Alhamisi umeisha. Hakuna mtu mzima. Kijana wa bodaboda anayempa lifti siku ya mvua ndiye pia anayemnunulia maandazi siku unga umeisha. Mwaka ukifika katikati, wewe na mimi tunaitwa kwenye mkutano kuelezwa kwamba mabinti wa siku hizi hawana maadili.

Mabweni ni ndoto ya euro nyingi, yaacheni. Kodini nyumba moja yenye uzio karibu na shule, awekwe mama mtu mzima wa kulala nao, wazazi walete unga ule ule ambao wangeupeleka geto. Wazazi wasaini, mkuu wa shule ajue, ustawi wa jamii waikague kabla mtoto wa kwanza hajaingiza begi. Mwanamume asilale humo, awe mlinzi, awe shemeji yako, awe nani. Wasichana kumi tu kwa kuanzia. Mkibakiwa na fedha, wanunulieni baiskeli wanaokaa umbali wa kati.

Nimefurahi mnaita klabu ya uongozi, ila kwa ulivyoeleza, wanaoongoza ni wageni. Nesi anaongea, diwani anaongea, wasichana wanapiga makofi, soda, kwaheri. Hakuna mtu aliyejifunza kuendesha kikao kwa kumtazama diwani. Ninyi watano mlijifunzia wapi? Kwenye kikoba. Basi wapeni kikoba chao: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wasichana watatu wasio ndugu, hisa ya shilingi mia mbili, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na faini ya kuchelewa wapange wenyewe. Wakigombana kuhusu mkopo wa kalamu, msiwaamulie. Kaeni nyuma, mkilazimika sana kajiumeni ulimi nje. Msichana aliyewahi kumwambia rafiki yake kipenzi mbele ya watu "wewe bado unadaiwa" ana kitu cha kumjibu mtu atakayemtaka aache shule. Hao hao wakimaliza kidato cha nne, wapeni kazi ya kuwafuatilia wadogo zao wa darasa la saba. CAMFED, shirika la kusomesha wasichana ambalo Tanzania lipo tangu 2005, wanafanya hivyo kwa upana, wahitimu wao wanarudi shuleni kuwa walezi. Nao walianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kusomesha wasichana 32 tu. Mwambie kaka hiyo namba.

Na wale akina mama wa "kiburi", waiteni siku ya kufungua sanduku waone hesabu inavyosomwa. Wengi wao watatafuta namna ya kujiunga.

Haya, usajili. Sajilini, kwa sababu fedha ya kigeni inayopita kwenye mikono ya mtu binafsi itakuletea maneno, na wewe ni wakala, maneno hayatachelewa. Lakini ngazi ya wilaya. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ina ngazi nne: wilaya, mkoa, taifa na kimataifa, na hakuna anayewakataza kupanda baadaye. Ngazi ya taifa inawapeni ukubwa wa makaratasi bila ukubwa wa kazi. Wanatakiwa waanzilishi wasiopungua watano, na ninyi mko watano kamili, kwa hiyo msigombane kabla ya kusaini. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye majina na sahihi, na wasifu na picha za viongozi. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu, ndiye mlango wa Msajili wilayani, akupe orodha na ada ya sasa. Usimlipe mtu wa mtaani akuandikie katiba. Atakunakilia ya shirika la mazingira la Tanga.

Cheti kinadumu miaka kumi, ila kila mwaka kuna ada na taarifa ya kazi na fedha. Wengi huanguka hapo. Wanasherehekea cheti, miaka miwili baadaye hawajapeleka hata ukurasa, wanafutwa. Mkataba wa fedha ukizidi shilingi milioni 20 lazima upelekwe kwa Msajili. Euro 3,000 haifiki huko, lakini jizoesheni kumpelekea kila karatasi. TRA wapeni taarifa mapema. Kutogawana faida pekee hakufuti kodi, taasisi za hisani zina utaratibu wao wa kutambuliwa, na mama mlezi mkimlipa mshahara kuna mambo yake pia.

Baba mdogo asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye anayesaini benki, na ndiye anayesikia kesi za ndani. Binti ambaye ng'ombe wake wanaongelewa na wazee wa rika la baba mdogo, atamwambia nani? Lakini usimwache akae nje akinuna, maana alilosema kuhusu wazee lina ukweli. Mpe ulezi, na mpe kazi ya kweli: kila Agosti awakusanye wazee na sungusungu, wakubaliane mbele ya mtendaji wa kata kwamba hakuna mahari inayozungumzwa kwa mtoto aliye kwenye orodha ya mtihani. Sungusungu wakisema jambo, kijiji kinasikia kuliko waraka wa wizara. Mwendee na mwenzako mtu mzima, mkae, mwambie: "Baba, uenyekiti ni wa kukimbizana na makaratasi halmashauri na benki, utakuchosha. Sisi hatuna wa kutuombea kwa wazee isipokuwa wewe." Akikataa ulezi na kung'ang'ania sahihi ya benki, umeshajua alichokuwa anakitaka, na wenzako wawili nao watakuwa wamejua.

Mkuu wa shule ana haki. Mtu yeyote akija na pedi na mgeni aruhusiwe kukaa na wasichana, hiyo si shule. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa afisa elimu, ombeni kibali cha sekondari na cha shule za msingi kwa pamoja. Muulize pia mkuu wa shule juu ya wasichana waliopata mimba. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo unasema hivyo, na bado kuna vijiji ambako habari hiyo haijafika. Binti wa mwenzenu aliyeacha kidato cha pili, kama hakurudi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kumalizia sekondari nje ya shule ya kawaida. Mlianza kwa ajili yake, msije mkamsahau.

Wajerumani: pokeeni fedha, kataeni picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi nyeti, na hata isingekuwepo sheria, jiulize binti wa kidato cha pili atajisikiaje siku atakapojua kwamba shida za baba yake zimebandikwa kwenye ubao wa kanisa la Ujerumani. Halafu ishirini kati ya arobaini watakuwa "wa mzungu", na ishirini wengine watakuwa nini? Na familia moja ya huko ikiachana au ikihama kanisa, ni mtoto gani mtamwambia asirudi kwenye ile nyumba? Andika hivi: hatutoi picha wala historia za watoto, tunatoa, kila baada ya miezi mitatu, hesabu ya fedha na idadi ya wasichana waliofanya mtihani, waliochaguliwa na walioripoti. Waombe wachangie nyumba, si mtoto. Watu wa kanisa wenye nia njema watakubali. Ile picha uliyoweka WhatsApp iondoe leo.

Wakikubali, michango yenu ya elfu tano isikome. Mwaka 2025 fedha za msaada za Marekani zilipokatwa, mashirika yenye ofisi na magari yalibaki yanatazamana. Kikoba chenu kiendelee kulipia daftari na pedi hata kama Ulaya itasinzia.

Fedha ya shirika isiingie kamwe kwenye laini yako ya uwakala, hata kwa usiku mmoja. Akaunti iwe na sahihi mbili kati ya tatu, na mweka hazina asiwe wewe.

Na mumeo, mwanangu, kakufungulia daftari akakuwekea kidole bila kelele. Mbolea ile ilipe kutoka mfukoni kwako kabla ya msimu, irudi kwenye hesabu ya duka, na kuanzia hapo weka kiwango cha mwezi ambacho duka linachangia, yeye akijua na akikubali. Akiwa na nafasi, mwombe awakagulie hiyo nyumba paa kabla hamjalipa kodi.